Wale Watu Niliowasalimu Njiani

Kanduyi, Jumamosi mchana

Nekesa, mama yangu,

Nakuita mama kwa sababu nilikupa jina la mama yangu, na pia kwa sababu tangu ulipoota meno umekuwa ukinigombeza kama yeye. Sasa hivi wewe na mama yako mmekwenda Chwele kutafuta blanketi, na kwa vile namjua mama yako, atayakataa yote ya soko zima kisha arudie lile la kwanza. Kwa hivyo nina nafasi. Nimeketi mezani. Ndiyo, nimeketi tena, usininunie. Barua haiandikwi mtu akitembea.

Mambo ya kuishi Nakuru sitayagusa. Mama yako amekueleza juu ya pasi, juu ya wanaume, na juu ya kutoazima mtu sufuria, kwa mpango huo huo. Mimi nina jambo moja tu, nimekuficha mwaka mzima. Ni la asubuhi ile tuliyokwenda kwa mahojiano ya uuguzi. Najua ukisoma hapo unaweza kuikunja barua hii uitupe. Tafadhali usiikunje. Wacha nianzie Kitale, maana mguu wangu ulianza kufa huko, mimi nikidhani napanda cheo.

Ulipozaliwa nilikuwa mpimaji wa mahindi katika stoo ya Mzee Harbans. Kazi yenyewe ilikuwa ya miguu. Lori likiingia, unapanda juu, unachoma gunia kwa kile chuma chenye mfereji, mahindi yanateremka kiganjani, unatia punje moja mdomoni na kuiuma. Ikilia, ni kavu, gunia linapita. Ikinyamaza, mwenye mahindi anaambiwa akaanike tena, na hapo unahitaji miguu ya kukimbilia. Wakati wa mavuno malori yalipanga mstari mpaka barabarani, na mimi niliyapanda yote. Nilikuwa mwembamba, mama yako akasema ananilaza upande wa ukutani nisije nikapeperushwa na upepo.

Halafu nikapandishwa. Nikapewa meza na kiti cha kuzunguka chenye magurudumu. Mwanangu, ungekiona kile kiti! Wiki moja tu, nikajifunza kwenda kutoka mezani hadi kwenye kabati la faili bila kusimama. Nilijisukuma kwa kidole gumba cha mguu wa kulia, nikateleza kama mtu aliye ndani ya gari. Ndicho kidole kile kile walichokuja kukikata baadaye. Sikupanda lori tena. Wapimaji waliniletea mahindi kwenye sahani, nami nikauma punje pale pale nilipo. Chai ililetwa. Chakula cha mchana kililetwa. Hata dirisha lilifunguliwa na mtu mwingine.

Mwenye stoo mwenyewe hakuwa na kiti. Mzee Harbans, na kilemba chake na ndevu zake nyeupe, alikuja kwa miguu kila asubuhi, mikono nyuma, akashinda amesimama akizunguka zunguka kati ya magunia. Tulimcheka sana. Tajiri mzima, ana gari, ati anatembea! Tuliamini ni ubahili wa petroli. Siku moja alisimama mbele ya meza yangu.

"Wanyonyi, simama kidogo."

"Kuna kazi, Mzee?"

"Hakuna. Simama tu. Hicho kiti hakitakimbia."

Nilisimama kwa heshima. Alipogeuka, nikaketi. Wenzangu wakaangua kicheko, nami nikazunguka kwenye kiti mara mbili ili wacheke zaidi.

Kuna mahali hapa nataka uelewe vizuri, kwa sababu watu wa hapa kwetu wakisikia ugonjwa wa sukari wanafikiria sukari ya chai peke yake. Kunywa nilikunywa, na vijiko vilikuwa vingi, sikatai. Lakini wapimaji wale wengine walikunywa birika lile lile. Sikula zaidi yao. Nilikaa zaidi yao.

Na nani angeniambia? Nikija nyumbani mwisho wa mwezi, watu walinipiga tumboni wakifurahi. "Huyu ni Wanyonyi? Kitale imekukubali, bana!" Mama yako alizidisha kitambaa cha suruali kila mwaka na hakulalamika hata siku moja; mume mwenye tumbo alikuwa sifa yake kanisani. Na nikiwa hapa nyumbani, miguu yangu ilikuwa wewe. Nekesa, leta redio. Nekesa, leta viatu. Nekesa, hebu niangalizie kama mvua inakuja. Ulikuwa na miaka saba hivi uliposimama mlangoni, mikono kiunoni, ukasema, "Baba, redio iko karibu na wewe kuliko mimi." Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Niliporudi Kitale niliwasimulia ofisi nzima jinsi mtoto wangu alivyo na akili. Lakini siku hiyo redio uliileta.

Baadaye kiu ikaanza. Nilikunywa mtungi na bado ulimi ulikuwa kama gunia. Usiku nilitoka kukojoa mara nyingi hivi kwamba mbwa wa jirani alichoka kunibwekea. Mwili ukaanza kupungua, nami nikafurahi, nikasema suruali za zamani zitanitosha. Mjomba wako aliapa kwamba kuna mtu wa ofisini ameloga kile kiti akitaka kukikalia. Nilimwamini nusu. Nilikuja Bungoma kwa daktari macho yalipoanza kuona ukungu, na huyo daktari, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu, alichukua mkojo wangu, akautia kwenye kichupa chenye dawa ya bluu, akauchemsha juu ya moto mbele ya macho yangu. Bluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, ikaenda mpaka ikafika rangi ya tofali. Nilitaka kumpongeza.

Akaniuliza, "Unatembea umbali gani kwa siku?"

Nikajiweka sawa. "Daktari, mimi sitembei. Nina kazi."

Kisha akaniuliza ni kazi gani, nami nikamweleza habari za stoo, na yeye akanifundisha kwa mahindi yangu mwenyewe. Alisema nyama za miguu na mapaja ndizo zinazokula sukari kwa wingi mwilini, lakini zinakula zikifanya kazi. Ukiketi kutwa, zinalala. Sukari inaingia kwenye damu kama malori yanavyoingia mjini, inafika langoni inakuta mpokeaji amesinzia. Mwili unatuma watu wa kugonga lango. Mwanzoni lango linafunguka, baadaye aliye ndani anazoea kelele, hafungui. Malori yanajazana barabarani. Na barabara zenyewe, yaani mishipa ya damu, zinaumia. Damu isiyosukumwa na miguu inapita polepole, mishipa inakuwa migumu, inaziba kidogo kidogo, na ile ya mbali, ya miguuni, ndiyo inateseka zaidi.

"Hata kama mtu hajisikii mgonjwa?" nikauliza.

"Hasa huyo," akasema.

Nilielewa, Nekesa. Hilo ndilo linalonichoma. Hakuna mtu anayeweza kusema Wanyonyi hakuelewa. Nilielewa kuliko mgonjwa yeyote wa siku ile, hata nikamsahihisha mahali fulani kuhusu namna malori yanavyopangwa. Alinipa vidonge, akaniambia niwe natembea kila siku, na nisiketi muda mrefu bila kusimama. Nikaenda na vidonge. Nilidhani vidonge vitatembea kwa niaba yangu. Nilirudi Kitale nikaketi miaka mingine sita.

Kidole kilipokatwa ulikuwa shule ya bweni, tukakuambia ni jiwe lililoniangukia. Jiwe halikuwepo. Kilikuwa kiatu kipya kilichonichubua nisisikie chochote, na kidonda kilichokataa kupona kwa sababu damu haikuwa inafika huko vizuri. Baadaye stoo ikapunguza watu, nami nikarudi hapa Kanduyi, nikisema nitalima.

Sasa tumefika kwa salamu.

Mara ya kwanza tulikuwa tunakwenda kanisani, wewe, mimi na mama yako. Tulipofika kwenye ua wa Mama Nasimiyu, shavu la mguu wa kulia lilinikaba, kama mtu amelishika kwa koleo. Sikuweza kuinua hatua. Nilishika nguzo ya ua, na watu wa kanisa walikuwa nyuma yetu, wamevaa vizuri, wananiangalia. Nikaona aibu. Nikapaza sauti: "Mulembe, Mama Nasimiyu! Na yule ng'ombe amezaa?"

Mama Nasimiyu alitoka mbio, maskini, hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumuulizia ng'ombe wake. Akanieleza habari za ng'ombe tangu ununuzi. Alipofika kwa ndama, mguu ulikuwa umeniachia. Nikaaga, tukaendelea. Kwenye mashine ya kusaga mguu ukakaba tena. "Habari ya mashine, bwana? Mkanda haujakatika?" Halafu kwa fundi baiskeli. Halafu kwenye mwembe wa shule, ambapo hapakuwa na mtu, nikasalimu mbuzi nikisingizia kumtafuta mwenyewe.

Hivyo ndivyo nilivyopata sifa, mwanangu. Baada ya miezi michache kijiji kizima kilisema hakuna mtu mwenye utu kama mimi. Mchungaji alinitaja madhabahuni: "Mzee Wanyonyi hampiti mtu njiani." Wakanichagua mkaribishaji wa wageni. Unakumbuka ulivyocheka? Kazi ya kusimama mlangoni! Mimi, niliyekuwa nasukuma kiti kwa kidole!

Nilipomweleza yule daktari, naye alicheka, halafu akasema nisiache. Mguu wa aina yangu dawa yake ndiyo hiyo: tembea mpaka uanze kuuma, simama mpaka upoe, tembea tena, taratibu damu inatafuta vijia vya pembeni. Nikajiona nimekuwa mgonjwa mwema. Nikasalimu kwa bidii. Na hata hivyo sikumwambia mtu yeyote hapa nyumbani, hata mama yako, kwa nini nasimama. Niliona ni heri niitwe mpiga domo kuliko kiwete.

Basi, asubuhi ile ya mahojiano.

Ulitaka uuguzi tangu ukiwa mdogo, ulikuwa unafunga kuku bendeji. Barua ilisema saa mbili kamili. Ulikuwa umeamka mapema, umepiga pasi mpaka sketi inakata. Mimi nikasema nitakupeleka mwenyewe, na bahasha ya vyeti vyako nitaibeba mimi, ndani ya koti, kwa sababu baba ndiye anayebeba karatasi za mtoto wake anapompeleka mbele ya wakubwa. Hivyo ndivyo baba yangu alivyonifanyia. Ulisema, "Baba, tuchukue boda boda, tutachelewa." Nikakataa. Nikasema daktari ameniambia nitembee. Ilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba niliona haya kubebwa nyuma ya baiskeli kama gunia, siku ambayo binti yangu anakwenda kuwa mtu.

Asubuhi ile kulikuwa na baridi, na mguu huu haupendi baridi. Ulinikaba kabla hata hatujamfikia Mama Nasimiyu. Nikasalimu. Hatua kidogo, ukanikaba. Nikasalimu. Nakumbuka sauti yako ikianza kupanda.

"Baba, si ulimsalimu jana?"

"Jana ni jana."

"Baba, saa."

"Tunafika, mama. Usimkimbie mtu anayekusalimu."

Mtu mwenyewe alikuwa hajanisalimu, alikuwa anakamua ng'ombe. Ulikuwa unatembea mbele, unarudi, unatembea mbele, unarudi. Na bahasha ilikuwa kifuani mwangu. Ningeitoa. Ningesema, "Nekesa, mguu wangu umekataa, shika karatasi zako, kimbia." Maneno hayazidi kumi. Nilisimama pale na maneno hayo mdomoni, nikamuuliza yule mwanamume habari za maziwa.

Tulipofika lango lilikuwa limefungwa. Askari alitusikiliza kwa upole, lakini waliowahi walikuwa wamekwisha kuhesabiwa na kuingizwa. Hukulia. Ulivuta bahasha kutoka kwenye koti langu, na tukiwa njiani kurudi ulisema jambo moja tu: "Umesalimu watu mpaka nimekosa kazi." Wiki tatu hukunipikia chai kwa mkono wako. Nami nikaliacha hivyo. Ulikasirikia mdomo wangu, nami nikauacha mdomo ubebe kosa la mguu, na la kichwa kilichoona aibu juu ya mguu.

Kilichofuata ni kibaya zaidi, kwa sababu nilikifanya kwa mapenzi. Nilimwandikia Mzee Harbans, sasa ni mzee kabisa na bado ananiambia anatembea, nikamwomba akutafutie nafasi. Ndipo akakuombea kwa mpwa wake huko Nakuru, na wewe ukaanza masomo ya taipu hapa mjini. Nilifurahi kama mtoto. Nikajiona nimelipa. Halafu siku moja nikaja kukuletea mwavuli, nikachungulia dirishani. Mlikuwa mmepanga mistari, migongo imenyooka, vidole vinakimbia. Vidole tu. Niliangalia chini ya meza. Miguu yako ilikuwa imetulia kabisa, pamoja, kama ya kuku aliyefungwa sokoni. Ulikuwa na ulimi nje kidogo kama unavyofanya ukikazana. Na kile kiti, Nekesa, kilikuwa na magurudumu.

Nilirudi na mwavuli. Ndiyo maana ulinyeshewa siku ile. Samahani kwa hilo pia.

Daktari aliniuliza zamani kama nina watoto, akasema ugonjwa huu hupenda ukoo, na kwamba mtoto wa mtu kama mimi hafai kukaa kama mimi. Ulikuwa unaelekea kwenye kazi ambayo muuguzi anazunguka wodi kutwa, kitanda hadi kitanda. Nikakutoa huko kwa aibu yangu, nikakutafutia kiti kwa mkono wangu. Sasa nitakuambia nini? Usiende? Hakuna kazi hapa, na kila mtu amekwisha kuambiwa unakwenda. Uende? Nami nakwenda nawe, ndani ya damu yako, kila ukiketi. Nimejaribu kulifikiria hili kutoka kila upande na sina upande uliobaki.

Nina kitu kidogo tu, na kidogo hicho nimekisikia kwako, ukiwa na miaka saba mlangoni. Usiweke vitu karibu. Wakikupa meza, jagi la maji liweke upande mwingine wa chumba. Faili ziweke mbali. Simu ikiweza kuwa dirishani, iwe dirishani. Mtu akisema, "Dada, kaa, nitakuletea," mwambie baba yako aliletewa kila kitu. Inuka hata kama hakuna kazi. Wakikucheka, zunguka tena. Mimi nilimcheka mtu, na yeye bado anatembea.

Sijui kama inatosha. Daktari anasema inasaidia, na ukianza ukiwa kijana inasaidia zaidi. Mimi ningekuwa huko Nakuru ningekuja kukuondolea kiti. Sitakuwepo. Kutoka hapa mpaka barabarani kwenyewe ni safari.

Na hapo ndipo inapoingia habari ya kesho.

Barua hii nitaiweka ndani ya kiatu chako cha kushoto, ili usiweze kuondoka bila kuigusa. Bahasha ya vyeti nimeitia kwenye mkoba wako mwenyewe, chini ya vitambaa. Koti langu kesho litakuwa tupu, unaweza kunipekua. Nitakusindikiza kwenda kupanda basi. Mama yako atabeba blanketi na maneno. Mimi nitaanza nanyi vizuri, utaona, nitatembea kama mtu. Halafu tutafika kwenye ua wa Mama Nasimiyu, nami nitashika ile nguzo nimuulize habari za ng'ombe. Ng'ombe hana habari mpya, nilimuulizia leo asubuhi.

Wewe usisimame. Usirudi nyuma kunitazama, usiniambie saa. Endelea na mama yako kwa mwendo wako ule wa haraka unaoniudhi. Nitawasikia kwa viatu mpaka mtakapopinda kwenye mashine ya kusaga. Nami nitakuja, kwa nguzo, kwa mashine, kwa fundi, na nikifika barabarani basi likiwa limeshakwenda, nitamsalimu yeyote nitakayemkuta hapo, nimwambie binti yangu amefika mapema.

Ni mimi baba yako, niliyekutuma redio,

Wanyonyi